Saa Zenye Kugonga za Wazee Wetu: Namna ya Kuzitambua na Kuzitengeneza

Maneno yaliyosemwa mbele ya wakristu wa Tenke na wageni wao katika siku za Yubilei



Tumepewa nafasi ya kusema maneno machache juu ya jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo mbele ya ukubwa wa sikukuu hii: saa za kale zenye kugonga, zile za kuweka juu ya meza au juu ya kabati. Tunasema kwa jina la sisi wachache ambao, pembeni ya kazi ya mafundisho, tumeshika kazi ya kuzitengeneza. Hatutasifu uzuri wake. Tutaeleza namna ya kuzitambua, namna zinavyofanya kazi, namna zinavyougua na namna ya kuziponya, kwani jambo lenyewe lina haraka.

Sababu ya haraka ni hii. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu, ambavyo hapa kwetu twaviita mitraye, wanazunguka katika mitaa na mizani yao. Kwanza waliomba vyuma vya magari na waya za umeme. Sasa wanaomba pia saa za kale, kwa kuwa ndani yake mna shaba. Mjane anaitoa saa ya marehemu mume wake, iliyonyamaza tangu miaka mingi. Wanaipima, wanampa feza kidogo, na palepale wanaivunja kwa nyundo ili kutenga shaba na ubao. Mara nyingi saa hiyo haikuwa na ugonjwa mwingine ila vumbi na mafuta yaliyoganda. Kwa hiyo leo tuna neno moja tu, na mengine yote ni maelezo yake: saa iliyonyamaza si saa iliyokufa, na mbele ya kuwekwa juu ya mizani, yapasa kwanza isomwe.

KENGELE ILITANGULIA USO

Wale tuliopita katika seminari ndogo twakumbuka kwamba katika Kilatini cha karne za kati kengele iliitwa clocca. Toka neno hilo Wafaransa wamepata cloche, yaani kengele, na Waingereza wamepata clock, yaani saa. Maana yake ni wazi: saa za kwanza za mashine huko Ulaya zilitumikia monasteri na makanisa makuu, na kazi yake ilikuwa kugonga ili watu wajue wakati wa sala. Saa ya kale ya kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, inayohesabiwa kuwa ya mwaka 1386, haina uso wala mishale, inagonga tu. Watu walisikia saa mbele ya kuiona.

Mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens alitumia pendulu, kile kibonge chenye kuning'inia na kuyumba, ili kuipa mashine ya saa mwendo usiobadilika. Toka hapo saa ya nyumbani iliweza kuwa ndogo na kusema kweli. Katika nchi za baridi watu waliiweka juu ya rafu ya jiwe iliyo juu ya moto wa kuota. Kwetu ambako nyumba nyingi hazina moto wa namna hiyo, imekaa juu ya kabati la vyombo, pembeni ya picha za wazazi.

Zilifika hapa kwa njia gani? Kwa reli. Njia ya gari la moshi ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910; ilipofika Bukama mwaka 1918 ilikuwa imekwisha kupita katika nchi yetu hii. Mwaka 1931 njia ya toka Tenke kwenda Dilolo ilifunguliwa, ikaungana na ile ya Benguela yenye kushuka mpaka bahari ya Lobito. Hivyo Tenke ikawa njia panda, na mji wa gari la moshi ni mji wa saa. Wakubwa wa stesheni, wafanyakazi wa kampuni ya reli BCK, wamisionari, wote walihitaji kujua dakika. Wazungu walipoondoka, katika mwaka 1960 na miaka iliyofuata, si kila mtu aliweza kubeba sanduku la marumaru. Saa nyingine ziliuzwa, nyingine zikaachwa kwa karani, kwa mpishi, kwa mwalimu wa dini. Ndizo hizi tulizozirithi.

Tuongeze jambo moja kwa faida ya vijana. Mabamba na magurudumu ya saa hizi ni ya shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyo wa shaba nyekundu na zinki. Madini hayo mawili ni ya udongo wetu wa Katanga: shaba hapa kwetu na kule Kolwezi, zinki kule Kipushi. Mtoto wa Tenke anayetaka kujua madini yafaa kwa kazi gani, afungue mlango wa nyuma wa saa ya babu yake, atazame.

ISOMWE MBELE YA KUFUNGULIWA

Fundi mwenye haraka anashika bisibisi. Fundi mwenye akili anashika kwanza kalamu. Saa inaeleza yenyewe ukoo wake, kama mtu anajua mahali pa kutazama.

Kwanza, hesabuni matundu ya ufunguo yaliyo usoni. Tundu moja: kwa kawaida saa hii haigongi, inaonyesha tu. Matundu mawili: moja ni la mwendo, na jingine, mara nyingi lile la kushoto, ni la kugonga. Matundu matatu: saa hii inaimba pia kila robo ya saa, kwa kawaida tundu la kati ni la mwendo, la kushoto ni la kugonga, la kulia ni la wimbo.

Pili, guseni sanduku. Marumaru ni nzito na baridi. Kuna masanduku meusi yanayofanana na marumaru, kumbe ni chuma kilichopakwa rangi, au ubao. Sumaku ndogo iliyotolewa katika redio mbovu inamaliza mabishano: ikishika, ni chuma. Marumaru nyeusi iliyo bora ilichimbwa Ubelgiji, pande za Namur, na Wafaransa waliitumia sana katika karne ya 19.

Tatu, fungueni mlango wa nyuma, mtazame bamba la shaba. Hapa hapatakiwi chombo chochote, ni macho tu na taa.

Mashine ya Kifaransa kwa kawaida ina mabamba ya mviringo. Mtaona pengine jina la Japy Frères wa Beaucourt, walioanza kazi mwaka 1777, au jina la S. Marti, pamoja na picha ya nishani na mwaka. Angalieni: mwaka wa nishani si mwaka wa kuzaliwa kwa saa. Bamba likisema nishani ya dhahabu, Paris 1900, maana yake saa ilitengenezwa mwaka huo au nyuma yake, wala si mbele yake. Wengi wamedanganyika hapo, na wengine wamedanganya wanunuzi.

Chini ya bamba hilo kuna namba. Namba ndefu ni ya mashine. Namba mbili fupi zilizotengana, kama 5 na 4, zinataja urefu wa pendulu kwa vipimo vya kale vya Ufaransa: pouce 5 na ligne 4. Pouce moja ni karibu milimita 27, na ina ligne 12. Kwa hiyo pendulu hii ni ya karibu milimita 144. Namba ndefu mara nyingi imepigwa pia nyuma ya kibonge cha pendulu, ili mume na mke wasipotezane.

Tazameni pia namna pendulu inavyotundikwa. Ikiwa inaning'inia kwa uzi wa hariri, saa kwa kawaida ni ya kale, ya nusu ya kwanza ya karne ya 19. Ikiwa usoni, juu ya namba 12, kuna tundu dogo lenye herufi A na R, hiyo ni kazi iliyobuniwa na Achille Brocot wa Paris mwaka 1840: ufunguo mdogo unafupisha au kurefusha pendulu bila kugeuza saa. A ni Avance, yaani iende mbio; R ni Retard, yaani ichelewe.

Mashine ya Kijerumani mara nyingi ina mabamba ya pembe nne. Nyota yenye ncha nane ni alama ya Junghans wa Schramberg. Mishale miwili iliyopishana ni ya kiwanda cha Hamburg-Amerika. Nanga yenye taji na herufi GB ni ya Gustav Becker wa Freiburg katika Silesia, mji ambao leo ni wa Poland na unaitwa Świebodzice. Junghans walizoea kupiga herufi moja na namba mbili: B 05 ni nusu ya pili ya mwaka 1905, A 12 ni nusu ya kwanza ya mwaka 1912.

Mashine ya Kiamerika ina mabamba membamba yaliyokatwa nafasi, na resori zake, ndizo kamani, zimekaa wazi bila kifuniko. Majina yanayojulikana ni Seth Thomas na Ansonia. Kiwanda cha Ansonia kiliuza mashine zake kwa Warusi mwaka 1929. Kwa hiyo saa yake ya kweli haiwezi kuwa changa kuliko hapo.

Mwishoni ni saa zenye wimbo wa Westminster, zilizoingia katika nyumba nyingi katika karne ya 20. Wimbo huo ulitungwa kwa kanisa moja la Cambridge mwaka 1793, ukachukuliwa na mnara wa Bunge la London mwaka 1859. Nyundo zake zinapiga fimbo za chuma: sauti 4 kwenye robo ya kwanza, 8 kwenye nusu, 12 kwenye robo ya tatu na 16 kwenye saa kamili. Fimbo hizo zisikunjwe hata kidogo. Zinakatika kama kijiti kikavu.

KUGONGA VIBAYA SI KUFA

Tufike sasa kwenye jambo linaloua saa nyingi bila hatia. Mama wa nyumba anasema: "Mshale uko kwenye tatu, nayo inagonga nane. Imepata wazimu." Lakini haina wazimu wala ugonjwa. Imepoteza hesabu tu.

Kuna namna mbili za kuhesabu. Namna ya kale ni gurudumu la hesabu: duara lenye pengo kwenye ukingo wake, na nafasi kati ya pengo na pengo inazidi kurefuka, kwanza kwa pigo moja, kisha kwa mawili, mpaka kumi na mawili. Gurudumu hili halijui mshale uko wapi. Linafuata zamu tu, kama mtu anayesali rozari gizani kwa kuhesabu punje. Ukisukuma mshale upande wa kugonga ukiwa umeishiwa nguvu, zamu inaachana na uso. Namna ya pili ni ya reki na konokono: kipande chenye umbo la konokono kinazunguka pamoja na mshale mfupi, na reki yenye meno inashuka juu yake ili kupima mapigo. Saa ya namna hii haipotezi hesabu, kwa kuwa kila mara inauliza mshale.

Dawa ya saa iliyopoteza hesabu ni hii. Jazeni kwanza matundu yote mawili. Sogezeni mshale mrefu mpaka saa kamili, mwache igonge mpaka mwisho, mhesabu. Ikiwa imegonga nane, shikeni mshale mfupi peke yake, ambao katika saa nyingi umebanwa tu bila kufungwa, mwupeleke polepole kwenye nane. Kisha sogezeni mshale mrefu mbele, mkisimama kwenye kila saa na kila nusu ili igonge, mpaka kufikia wakati wa sasa. Mshale ukikataa, msishindane nao. Kazi hii inataka uvumilivu wa nusu saa, na haitaki feza.

Kuna pia sababu nyingine ya kudhani saa imekosa. Wazee waliozoea hesabu ya pwani husema saa moja ya asubuhi pale ambapo saa ya Ulaya inagonga mara saba. Saa haikukosa, wala mzee hakukosa; mmoja anahesabu toka usiku wa manane, mwingine toka mapambazuko. Vilevile, mwenye kupatanisha saa yake na redio ya Kinshasa akumbuke kwamba sisi wa Lualaba tuko mbele yao kwa saa moja.

Na tuone ukubwa wa kazi ya mashine hii. Katika saa 12 inagonga mara 78, na kwa zile nusu 12 inafika 90. Kwa mchana na usiku ni 180. Kwa juma ni 1,260. Kwa mwaka ni 65,700. Nyundo iliyofanya kazi miaka 50 imeinuka zaidi ya mara milioni tatu. Ni ajabu gani ikichoka?

MAGONJWA MANNE

Ugonjwa wa kwanza hauko ndani ya saa. Uko chini yake. Kabati likiinama, tiki haifanani na taki. Sikilizeni: tiki, taki, tiki, taki, nafasi zikiwa sawasawa, ndiyo afya. Ikienda tiki-taki, kisha kimya, tiki-taki, kisha kimya, itasimama baada ya dakika chache. Ingizeni karatasi iliyokunjwa chini ya upande mmoja, kisha upande wa pili, mpaka sauti isawazike. Saa nyingi tulizoletewa zimepona kwa karatasi.

Ugonjwa wa pili ni vumbi na mafuta. Vumbi jekundu la kiangazi, na lile la magari makubwa ya migodi, linaingia kwenye matundu ya mihimili, linachanganyika na mafuta ya kale, linakuwa kama msasa. Hapo ndipo watu wanaposema saa imejazwa kupita kiasi. Si kweli. Resori iliyojazwa mpaka mwisho haiui saa; kama imejaa na saa haiendi, kuna uchafu unaoizuia.

Ugonjwa wa tatu ni wa safari. Pendulu inaning'inia kwa kipande chembamba cha chuma, chembamba kama karatasi. Mtu akichukua saa kwa pikipiki bila kuitoa pendulu, kipande hicho kinapindika au kukatika. Mbele ya kusafirisha saa, pendulu itolewe na kufungwa kando ndani ya kitambaa.

Ugonjwa wa nne ni wa uzee. Matundu ya shaba yanalika na ncha za chuma, yanapoteza duara, na magurudumu yanaanza kuinama moja juu ya jingine. Hapo karatasi haitoshi, pahitajiwa fundi.

Tutoe mfano mmoja. Tuliletewa saa ya Kifaransa ya marumaru nyeusi, ambayo mafundi watatu wa mjini walikuwa wamesema imekufa. Ilikuwa safi. Resori zilikuwa nzima. Bamba lilisema 5 na 4; pendulu iliyoning'inia ilikuwa ndefu kupita kiasi, na namba ya nyuma yake haikuwa ya mashine. Tukauliza katika familia. Kibonge chake cha kweli kilikuwa kwa jirani mwashi, aliyekitumia miaka kadhaa kama timazi ya kunyoosha kuta. Kiliporudi kwenye saa, ikaenda. Hakuna aliyekuwa amesoma namba.

KAZI YA MIKONO

Anayetaka kutengeneza ajue kwanza hatari. Resori iliyojazwa ina nguvu za juma zima ndani yake. Mabamba yakifunguliwa resori ikiwa bado imejaa, magurudumu yanavunjika meno, na vidole navyo vinakatwa. Mbele ya yote, resori ilegezwe: shikeni ufunguo kwa nguvu, ondoeni ulimi unaozuia gurudumu lake la meno, mwache ufunguo urudi polepole mkononi, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, mpaka nguvu iishe. Wala resori isiwe moja tu. Ni zote mbili, au zote tatu. Kijana asiyeweza kazi hii asifungue.

Kisha chora picha, au piga picha kwa simu, ya kila upande. Weka visi vya kila sehemu katika kisahani chake. Safisha shaba kwa petroli ya taa na burashi laini, nje ya nyumba, mbali na moto. Usitumie esansi ya magari, yenye kuwaka upesi. Matundu ya mihimili yasafishwe kwa vijiti vya mwanzi vilivyochongwa ncha, mkivizungusha mpaka vitoke vyeupe. Kausha vyote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Juu ya mafuta: tone dogo la mafuta ya saa katika kila tundu la mhimili, na kidogo sana kwenye nanga, kile kipande chenye mikono miwili kinachoachia gurudumu jino kwa jino. Meno ya magurudumu yabaki makavu. Mafuta ya mawese, mafuta ya kupikia, mafuta ya motere, yote yakataliwe. Yale ya chakula yanaharibika, yanaganda na kuifanya shaba iwe na kutu ya kijani. Ya motere hayakai mahali pake.

Tundu lililolika litobolewe upya na kuwekewa pete ya shaba, kwa kipimo cha mhimili. Kuna mafundi wanaopiga alama za msumari kuzunguka tundu ili kulibana. Hilo linadumu muda mfupi, na alama zake zinabaki kwa siku zote.

Saa ikiisha kwenda, ipatanishwe. Kuinua kibonge ni kuongeza mwendo. Kukishusha ni kuupunguza. Kwa pendulu ile ya milimita 144, kuchelewa dakika moja kwa siku kunaondolewa kwa kuinua milimita 0.2, yaani unene wa karatasi mbili. Basi mkono uwe mwepesi, na msubiri siku nzima mbele ya kugusa tena.

MAMBO YA KUKATAA

Mkatae fundi anayetaka kuitoa mashine yote na kuweka ile ndogo ya betri. Uso utabaki, lakini saa haitakuwa tena. Na mtajua mashine ya shaba imekwenda wapi. Mkatae anayepaka msasa juu ya bamba, kwa kuwa anafuta namba na alama. Mkatae risasi ya kuunganishia kwenye meno na mihimili.

Jambo moja ni la afya. Kuna saa za kale, hasa zile ndogo za kuamshia, ambazo namba na mishale yake ziling'aa gizani kwa rangi ya radiumu. Radiumu hiyo tunaijua ukoo: madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalipelekwa Olen, Ubelgiji, ambako kiwanda kilianza kutoa radiumu mwaka 1922. Mng'ao unaweza kuzimika, lakini radiumu haizimiki pamoja nao. Yahitaji miaka 1,600 ili kupungua nusu. Rangi hiyo isikwanguliwe, isipulizwe, wala mtoto asipewe saa hiyo kuchezea.

Na kwa mafundi wenzetu twasema pia: si kila saa iponywe kwa bei yoyote. Sanduku lililoliwa na mchwa, mashine iliyopoteza nusu ya magurudumu yake, pengine yafaa kutoa vipande kwa kuponya nyingine. Lakini mwenyewe aambiwe ukweli mbele ya kulipa, na vipande vibaki vyake mpaka aseme.

TUNACHOOMBA

Tunaomba mambo matatu tu. La kwanza: kila nyumba yenye saa ya kale iandike katika daftari jina lililo kwenye bamba, namba zake, na nani aliyeipokea toka kwa nani. Mwenye kumbukumbu hizo ni wazee, na wazee wanatuacha. La pili: kila saa ipate mtu mmoja wa kuijaza, siku moja ya juma, kwa mfano Dominika baada ya Misa. Saa inayojazwa na watu wote inasahauliwa na watu wote. La tatu: vijana wawili au watatu waje kujifunza kwetu. Hatuhitaji wenye nguvu. Twahitaji wenye macho na wenye subira. Macho yetu sisi yanaanza kudai miwani.

Nanyi wamama mliobaki na saa za waume zenu, mnunuzi wa mitraye akibisha mlangoni, mwambieni arudi juma lijalo. Katika juma hilo tuiteni. Tutakuja na karatasi ya kuingiza chini yake, na kijiti cha mwanzi, na taa. Tukiona imekufa kweli, tutawaambia, nanyi mtaiuza mkijua mnachouza. Lakini kama inalala tu, itagonga tena katika nyumba yenu, na wajukuu watauliza hiyo ni sauti ya nini.